Ufunguo wa Visanduku 41



Tangu mwezi wa tatu wengi wenu mmeona kwamba barua pepe za seminari zinafika na anwani za namna moja, zote zikiishia na jina la seminari na .or.tz. Kabla ya hapo barua ya Gombera ilitoka anwani moja, ya mhasibu ilitoka nyingine ya bure, na ya ofisi yetu ya Kisarawe ilitoka kwenye anwani yenye jina la katibu aliyestaafu zamani. Baadhi yenu mlituuliza nje ya kanisa baada ya Misa kama hizi mpya ni za kweli au ni za matapeli. Mlifanya vema kuuliza. Wahariri wa jarida wametuomba tueleze jinsi kazi ilivyokwenda, nasi tumekubali, maana ndani yake kulikuwa na jambo ambalo hatukulitarajia kwenye kazi ya kompyuta.

Sisi ni watatu: frateri aliyesomea kompyuta kabla ya kuingia malezi, sista wa ofisi ya uhasibu, na mwanaparokia ambaye riziki yake ni mitandao na ambaye alijitolea jioni na siku za Jumamosi. Tunaandika kwa pamoja kwa sababu tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba hakuna atakayegusa seva akiwa peke yake.

Seva yenyewe ilikuwa kompyuta moja chini ya meza, katika chumba cha mashine ya fotokopi hapa Kibaha. Iliwekwa na mfadhili miaka mingi iliyopita, na tuseme ukweli, ilitumika vizuri. Tatizo lake la kwanza lilikuwa umeme. Mnaukumbuka mgawo wa mwishoni mwa 2023, kabla mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji haujawashwa Februari 2024. Umeme ukikatika mchana, betri ya akiba ilishika kama dakika 20, baada ya hapo seminari nzima ikawa haina sanduku la barua. Hapa tuwatoe hofu wale waliodhani barua zao za siku hizo zilipotea. Barua pepe ina subira. Seva inayotuma ikikuta mlango umefungwa haiitupi barua. Huiweka kando ikajaribu tena baadaye, na kanuni za mtandao zinashauri iendelee kujaribu siku nne au tano kabla ya kumrudishia mwandishi taarifa kwamba imeshindikana.

Tatizo la pili lilikuwa zito zaidi. Rafiki mmoja wa seminari aliyeko Ujerumani alipokea barua yenye jina la Gombera ikimwambia kwamba akaunti ya benki imebadilika, mchango wa bweni autume kwingine. Bahati njema alipiga simu kwanza. Barua ile haikutoka kwetu hata kidogo. Mtu yeyote anaweza kuandika jina la mwingine nyuma ya bahasha, na barua pepe kwa asili yake ni hivyo hivyo. Kinga ni kutangaza mambo matatu kwenye daftari la majina la mtandao: seva zipi zina ruhusa ya kutuma kwa jina letu (SPF), saini ya kidijitali inayobandikwa kwenye kila barua (DKIM), na agizo la nini kifanyike kwa barua isiyotimiza hayo (DMARC). Seva ya chini ya meza haikuwa na hata moja. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti hayo kwa wanaotuma, na mialiko yetu ya daraja takatifu ilizidi kuangukia kwenye barua taka. Kuna wazee wa parokia waliosusa sherehe wakidhani hawakualikwa.

Kwa hiyo iliamuliwa barua zihamie kwa kampuni inayotunza seva Dar es Salaam, penye jenereta na watu wa zamu usiku. Tulitaka zibaki ndani ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaitaja imani ya dini miongoni mwa taarifa nyeti, na inaweka masharti ya kusafirisha taarifa za watu nje ya nchi. Tena hatujasahau Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikawa ya kudonoa.

Kuhamisha kisanduku cha barua ni kunakili. Programu tuliyotumia, imapsync, hushika seva ya zamani kwa mkono mmoja na mpya kwa mkono wa pili, hupita folda moja moja, na kupeleka kile ambacho hakijafika ng'ambo. Ikikatika njiani unaianzisha tena nayo inaziruka zilizokwisha fika. Ili ifanye hivyo inahitaji kufunguliwa mlango, na hapo pana njia mbili. Ya kwanza ni ufunguo mkuu, yaani nywila moja ya msimamizi inayofungua visanduku vyote. Ya pili ni kila mwenye kisanduku aje mwenyewe aweke nywila yake. Mwenzetu wa mitandao hutumia ya kwanza kazini kwake, na huko hakuna anayeshangaa. Kwetu visanduku vilikuwa 41. Kwa ufunguo mkuu tungemaliza kwa usiku mbili.

Lakini ndani ya hivyo 41 vilikuwemo viwili vilivyokaa jirani: cha Gombera, na cha Mlezi wa Kiroho.

Mafrateri wanajua tunakoelekea, ila kwa ajili ya waamini walei tueleze. Kanuni ya 240 ya Sheria za Kanisa inasema kwamba inapoamuliwa kama frateri apewe daraja au aondolewe seminarini, maoni ya mlezi wa kiroho na ya waungamishi hayawezi kuombwa kamwe. Gombera humtazama frateri kwa mambo ya nje: masomo, nidhamu, afya, jinsi anavyoishi na wenzake. Mlezi wa Kiroho husikia ya ndani. Baina yao pana ukuta, na ukuta huo ndio unaomfanya kijana athubutu kusema, "Padre, sina hakika na wito wangu," bila kuogopa kwamba maneno yake yatakutwa mezani siku ya baraza. Barua ya ushauri si kitubio, na muhuri wa kitubio ni jambo jingine kabisa (hakuna anayeungama kwa barua pepe, na asijaribu). Hata hivyo mafrateri walio kwenye mwaka wa kichungaji huandika. Wako mbali, vigango vinawachosha, usiku mtu anafungua simu na kumwandikia mlezi wake.

Na ukuta wote huo, upande wa mashine, ulikuwa ni folda mbili ndani ya diski moja.

Wiki ya pili ya kazi, mmoja wa wanaohusika na malezi alipita chumba cha fotokopi. Wakati huo kulikuwa na shauri la frateri fulani lililokuwa likielekea barazani. Alisimama mlangoni, akatujulia hali, akaulizia kazi, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwani mkiwa humo ndani, hamwezi kuona kama huyu bwana aliwahi kumwandikia Baba wa Kiroho? Sitaki kujua aliandika nini. Kama aliandika tu, na lini."

Kilichotusumbua ni udogo wa ombi lenyewe. Kwa msimamizi wa seva, majina na tarehe ni kama maandishi ya juu ya bahasha. Huhitaji kufungua chochote. Ni amri ya mstari mmoja, na jibu linakuja kabla hujavuta pumzi. Tena Padre yule hakuwa na nia mbaya. Tunaamini hivyo hadi leo. Alitaka kumsaidia kijana, pengine hata kumtetea: kama alikuwa akiomba ushauri, basi anahangaikia wito wake. Na mmoja wetu watatu anasoma darasa moja na frateri yule. Chumba kikawa kimya, mashine tu ndiyo inanguruma.

Sista ndiye aliyejibu. "Samahani, Padre. Hilo hatuwezi. Hata tarehe hatuwezi."

"Hata nikiwaagiza?"

"Hata Baba Gombera akituagiza, Padre."

Alitutazama kidogo, akacheka, akasema "Haya, Sista," akaenda zake. Hakurudia tena swali lile, wala hakutununia.

Jioni ile tulikwenda kwa Gombera. Hatukutaja jina la mtu; tulikwenda kuomba maagizo ya maandishi, kwa sababu hatukutaka jibu la namna ile litegemee ujasiri wa sista mmoja. Wala kwa Gombera mwenyewe haikuwa rahisi. Mwanzoni mwa kazi alikuwa ameagiza kwamba, kwa usalama, nakala rudufu ya kila kisanduku iwekwe chini ya akaunti yake. Ni agizo lenye busara kwa kiongozi anayeogopa vitu kupotea. Tulimwonyesha kwamba kwa agizo hilo angekuwa na barua zote za Mlezi wa Kiroho ndani ya kabati lake, apende asipende. Alinyamaza, akachukua kitabu cha Sheria za Kanisa, akasoma kwanza kanuni ya 240, kisha ya 487, ile inayosema kwamba makavazi ya ofisi ya jimbo yafungwe na ufunguo wake uwe kwa Askofu na Kansela peke yao. Akasema, "Basi hata mimi mnifungie." Kesho yake tulipata barua yenye muhuri: hakuna ufunguo mkuu, kila mtu aje mwenyewe, na ombi lolote la kutazama kisanduku cha mwingine liandikwe na lijibiwe kwa maandishi.

Kazi ya usiku mbili ikawa ya wiki sita. Mapadre wako vigangoni, walimu wana vipindi, wazee wamesahau nywila. Mmoja alikuwa ameiandika kwenye karatasi ndani ya kitabu chake cha Masifu, na karatasi ikawa imehamia kwenye kitabu kingine pamoja na utepe. Tulimsubiri kila mmoja akae kitini, aandike nywila yake tukiwa tumegeuka, atazame mwenyewe barua zake zikihama, kisha aibadilishe. Mwenzetu wa mitandao alikiri kwamba hajawahi kufanya kazi kwa mwendo wa kobe namna ile. Wala hatutawadanganya: mwenye mamlaka ya juu kabisa juu ya seva, akiamua, ana njia za kusoma. Nywila ya mtu haiondoi uwezo huo. Tulichoweza kufanya ni kuhakikisha anayeingia kwa mamlaka hayo anaacha alama kwenye kumbukumbu, na kwamba nusu ya nywila ya juu anayo Sista na nusu nyingine anayo mwanaparokia. Frateri hana hata herufi moja. Alilitaka hilo yeye mwenyewe.

Mlezi wa Kiroho alikuja siku yake na kutuomba tutoke nje. Alikaa peke yake nusu siku. Alipotuita, kisanduku chake kilikuwa kimebaki na barua chache sana, nyingi zikiwa za ratiba za mafungo. Hatukuuliza.

Baadhi ya mapadre waliposikia hivyo wakataka nao wafute. Hapo tulilazimika kuwa wagumu, na tunajua tuliwakera. Kisanduku cha ofisi si cha mtu. Kanuni ya 241 inataka kwamba kijana aliyeondolewa seminari nyingine asipokelewe bila ushuhuda wa mkuu wake wa zamani, hasa kuhusu sababu ya kuondoka kwake. Maombi ya namna hiyo siku hizi huja kwa barua pepe, na majibu yake hubaki kwenye barua pepe. Zikifutwa, au zikiondoka na padre aliyehamishwa, baada ya miaka kumi Askofu fulani atauliza na hakutakuwa na wa kumjibu. Hasara ikimwangukia kijana aliyeondoka kwa heshima, atakosa mtu wa kumshuhudia. Ikitokea kinyume chake, watakaoumia ni watoto wa parokia. Machi 2025 lilipotangazwa Jimbo la Bagamoyo, lililomegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, wengi walifikiria kanisa kuu na kiti cha Askofu. Sisi tuliokuwa na mambo haya kichwani tulifikiria makabati: ni jalada lipi litamfuata nani.

Mapadre wawili walishikilia kwamba barua ni zao, wameziandika kwa mikono yao. Tulikubaliana hivi: kila mmoja achague mwenyewe barua zake binafsi, za ndugu na marafiki, azihamishe kwenye anwani yake ya kibinafsi, zilizobaki ziwe za ofisi. Anwani mpya zinataja kazi, hazitaji jina. Anayehamishwa anaacha kisanduku kama anavyoacha funguo za nyumba ya mapadre.

Kisarawe ilikuwa na shida ya aina yake. Kwenye ramani Kibaha na Kisarawe ni jirani, lakini kwa daladala unaingia kwanza Dar es Salaam, unatafuta ya Gongo la Mboto, ndipo unapandisha milima ya Pugu. Katika milima hiyo Wabenediktini walianzisha misheni mwaka 1888, ikashambuliwa Januari 1889 wakati wa vita vya Abushiri. Tunayajua hayo kwa sababu kuna walioandika na kuna waliotunza, jambo tulilolizungumza njiani tukiwa na diski ya nje ndani ya mkoba wa Sista, imeviringishwa kwenye kitenge.

Mama katibu wa ofisi ya Kisarawe alitupokea kwa chai na mihogo ya kuchemsha, na kwa wasiwasi. Kompyuta yake ilikuwa imepangwa kwa mtindo wa zamani wa POP: barua ikifika inashushwa kwenye mashine na kufutwa kwenye seva. Maana yake ni kwamba barua za miaka tisa zilikuwa mahali pamoja tu duniani, ndani ya mashine ile yenye feni inayolia. Maombi ya vyeti vya ubatizo kutoka parokia za Mwanza, Songea na hata Italia, barua za ndoa, mawasiliano ya shamba, vyote humo. Tulikuta GB 18. Kwa kasi tuliyoipima pale, megabiti 2 kwa sekunde, kuzipandisha kungechukua saa 20 bila kukatika hata mara moja, na bando la nani? Tulizinakili kwenye diski turudi nazo Kibaha kwa daladala. Mama alisimama nyuma yetu muda wote.

"Wanangu, mkizipoteza hizo mmenipoteza mimi," alisema. "Nimemtafutia kila mtu cheti chake humo."

Faili la miaka miwili ya mwanzo lilikataa kufunguka. Lilikuwa limeharibika zamani, hata yeye hakujua. Tukamweleza kwa upole. Akanyanyuka bila neno, akafungua kabati, akatoa majalada manne ya kadibodi. Kila barua ya miaka ile alikuwa ameichapa na kuitoboa kwa mpangilio wa tarehe, kwa sababu paroko wa wakati huo alikuwa haamini kompyuta. Kanuni ya 535 inaitaka kila parokia itunze vitabu vyake na nyaraka zake katika makavazi yake. Mama hakuwahi kuisoma kanuni hiyo. Majalada yake sasa yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa na mafrateri wa mwaka wa kwanza, kwa Jumamosi tatu.

Usiku wa kuhama wenyewe hauna mengi. Siku chache kabla tulipunguza muda ambao mtandao hukumbuka anwani ya seva yetu, kutoka saa 24 hadi dakika 5. Jumapili baada ya Sala ya Mwisho tukabadilisha rekodi ya MX, ile inayoiambia dunia barua zetu zipelekwe wapi, tukakaa kuangalia. Barua ya kwanza kufika upande mpya ilikuwa tangazo la viti vya plastiki. Hadi alfajiri seva ya zamani ilikuwa bado inadondokewa na moja moja kutoka kwa seva zenye kumbukumbu ndefu, tukazinakili mara ya mwisho siku ya tatu, kisha tukaizima.

Anwani za zamani zitaendelea kuelekeza barua kwenye mpya hadi mwisho wa mwaka huu. Mkipata barua yenye jina la seminari inayotaja kubadilika kwa akaunti ya benki, pigeni simu ofisini kwanza, hata kama anwani inaonekana sawa.

Diski ya seva ya zamani ipo ndani ya bahasha yenye saini zetu tatu, kwenye kabati la chuma. Ndani yake bado kuna kila kitu, pamoja na barua ambazo Mlezi wa Kiroho alizifuta siku ile. Kufuta kwenye kompyuta mara nyingi ni kuondoa jina tu kwenye orodha. Tumependekeza itobolewe kwa drili ya fundi mbele ya mashahidi. Wapo wanaotaka isubiri mwaka mmoja, isije ikagundulika kwamba kuna kisanduku kilichosahaulika. Baraza la seminari litalijadili kikao kijacho, na hadi hapo ufunguo wa kabati anao Sista, bahasha haijafunguliwa.